Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: wabunge wa Marekani wanapowahoji majenerali kuhusu vita vilivyowachosha wananchi

Ni vikao gani hasa vinavyozungumziwa hapa?

Ni vikao vya kamati za Bunge la Marekani, yaani Kongresi, ambamo wakuu wa jeshi huitwa kueleza vita vinakwendaje na vitaisha lini. Kongresi ina mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi, na kila moja lina kamati yake ya majeshi na kamati yake ya mambo ya nje. Tutakaa zaidi kwenye Vietnam mwaka 1966 na Iraq kati ya 2003 na 2007, maana huko ndiko maswali yaliuma kweli. Korea na Afghanistan tutazigusa njiani.

Kwa nini aitwe jenerali? Waziri wa ulinzi hawezi kujibu mwenyewe bungeni?

Msomaji aliyezoea vikao vya Dodoma, ambako waziri ni mbunge na anasimama kujibu swali hapo hapo alipokaa, lazima ashangae. Marekani waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Kenya nayo ilikwenda njia hiyo katika katiba ya 2010. Kwa hiyo mtu wa serikali akitakiwa kujieleza, huitwa kwenye kamati, naye huja na msafara wake wa mafaili na wasaidizi.

Halafu kuna hela. Amri ya kupigana hutoka kwa rais, ila fedha za kupigania hutoka Kongresi, na katiba yao inakataza kulitengea jeshi la nchi kavu fedha kwa zaidi ya miaka miwili mfululizo. Anayekuja kuomba kila mara hana budi kuzoea kuulizwa aliyopewa mwanzo aliyafanyia nini.

Vikao vya Vietnam vya 1966 vilianzaje?

Vilianza na mtu aliyekuwa anajutia kura yake. Agosti 1964 Rais Lyndon Johnson alipeleka Kongresi azimio la Ghuba ya Tonkin, akisema meli za Marekani zimeshambuliwa na Vietnam Kaskazini. Azimio lilimpa ruhusa pana ya kutumia jeshi. Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 416 bila hata moja ya kupinga, Seneti kwa 88 dhidi ya 2. Aliyelisimamia katika Seneti mpaka likapita alikuwa J. William Fulbright wa Arkansas, mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje, Mdemokrati kama Johnson na rafiki yake wa siku nyingi.

Mwaka mmoja na nusu baadaye ruhusa ile ilikuwa imezaa vita kamili. Kufikia mwisho wa 1965 Marekani ilikuwa na wanajeshi wapatao 184,000 Vietnam. Januari 31, 1966 Johnson alirudisha mashambulizi ya ndege Kaskazini baada ya kuyasitisha kwa zaidi ya mwezi. Wakati huo huo serikali ilikuwa imeleta ombi la nyongeza ya dola milioni 415 za misaada ya nje, na sehemu kubwa ilikuwa ya Vietnam. Fulbright akaliona hilo ombi kama mlango. Kazi ya kamati ni kuchambua ombi la fedha, sivyo? Basi tulichambue, na kamera za televisheni ziwepo.

Hapo ndipo ujanja wake ulipokuwa. Hakuitisha kikao cha kumshitaki rais wa chama chake. Aliitisha kikao cha bajeti, kisha akauliza kwa nini tunapigana.

Waliohojiwa walikuwa wanajeshi waliokuwa kazini?

Hapana, na wengi husahau jambo hili. Waziri wa Ulinzi Robert McNamara na Mkuu wa Majeshi Jenerali Earle Wheeler walikataa kuhojiwa hadharani. Kamati ikabaki na waziri wa mambo ya nje Dean Rusk, mkuu wa shirika la misaada David Bell, mwanadiplomasia mstaafu George Kennan, na majenerali wawili wastaafu: James Gavin na Maxwell Taylor.

Hawa wawili wanastahili kutazamwa pamoja. Usiku wa kuamkia Juni 6, 1944 wote waliruka kwa mwavuli kuingia Normandy, Taylor akiongoza Divisheni ya 101 na Gavin akiwa naibu kamanda wa Divisheni ya 82. Miaka 22 baadaye walikaa kwenye kiti kile kile cha shahidi, Gavin Februari 8 na Taylor Februari 17, wakasema maneno yanayopingana. Gavin alitaka Marekani isizidi kujitanua: ishike maeneo machache ya pwani inayoweza kuyalinda, na itafute mazungumzo. Taylor, aliyekuwa ametoka kuwa balozi Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, na sasa mshauri wa rais, alitetea kuendelea kubana mpaka Hanoi, yaani serikali ya Vietnam Kaskazini, ichoke. Wananchi waliokuwa wamezoea kuambiwa kwamba mambo ya vita waachiwe wataalamu waliona kwa macho yao kwamba wataalamu wenyewe hawajakubaliana.

Ni kweli seneta na jenerali walitukanana mbele ya kamera?

Karibu. Seneta Wayne Morse wa Oregon, mmoja wa wale wawili waliopiga kura ya hapana mwaka 1964, alimwambia Taylor kwamba haitapita muda mrefu kabla ya Wamarekani kuvikataa vita hivi. Taylor akajibu kwa utulivu: hiyo ni habari njema kwa Hanoi, Seneta.

Morse aliwahi kuwa mkuu wa kitivo cha sheria, na jibu lake lilikuwa la mtu aliyezoea mahakama. Alisema anajua hiyo ndiyo kashfa ambayo watu wa kijeshi huwapaka wale wanaotofautiana nao kwa nia njema, ila yeye hana mpango wa kushuka mtaroni kubishana naye huko.

Mabishano yale yamerudi katika kila vita tangu hapo, majina tu yamebadilika. Mbunge anasema wananchi wamechoka, ofisa anajibu kwamba ukisema hivyo unampa adui moyo. Taylor hakuwa akidanganya alipodai kuwa Hanoi wanasikiliza. Bila shaka walisikiliza. Lakini ukiikubali hoja yake mpaka mwisho, hakuna vita vitakavyowahi kuulizwa swali mpaka viishe, na vikiisha hakuna tena wa kuokolewa.

Televisheni ilifanya kazi gani?

Kubwa, hata kwa kukosekana. Kennan, yule aliyebuni sera ya kuuzuia Ukomunisti usienee baada ya Vita Kuu ya Pili, alihojiwa Februari 10. Alisema dunia itamheshimu zaidi anayejitoa kwa ujasiri kwenye msimamo mbovu kuliko anayeng'ang'ania malengo yasiyo na matumaini. Wakati akisema hayo, kituo cha CBS kilikuwa kinarusha marudio ya kipindi cha zamani cha vichekesho, kwa sababu matangazo ya biashara ya mchana yalikuwa yanaingiza hela. NBC ilirusha kikao. Siku chache baadaye Fred Friendly, rais wa idara ya habari ya CBS, alijiuzulu kwa ajili hiyo.

Johnson naye alijua nguvu ya kamera. Vikao vilipoanza kushika moto alitangaza ghafla safari ya Honolulu kukutana na viongozi wa Vietnam Kusini, Nguyen Cao Ky na Nguyen Van Thieu, Februari 6 hadi 8. Habari ikahamia kwenye visiwa kwa siku tatu, kisha ikarudi kwenye chumba cha kamati.

Nimesikia jenerali mmoja aliita vita vya Korea «vita sivyo, mahali sipo, wakati sio, adui siye». Ni kweli?

Maneno ni ya kweli, matumizi ndiyo yamepotoshwa. Aliyesema ni Omar Bradley, Mkuu wa Majeshi, Mei 15, 1951, mbele ya maseneta waliokuwa wanachunguza kwa nini Rais Truman alimfukuza Jenerali Douglas MacArthur, aliyekuwa akiongoza vita vya Korea. Bradley hakuwa akizungumzia vita vilivyokuwa vinaendelea Korea, ambavyo aliviunga mkono. Alikuwa akizungumzia mpango wa MacArthur wa kuvipeleka mpaka ndani ya China. Mtu akikutupia msemo huo mtandaoni kama ushahidi kwamba jeshi liliikana Korea, mrudishe kwenye kumbukumbu za kikao.

Vipi kuhusu yule jenerali wa Iraq aliyefukuzwa kwa kusema ukweli?

Huyo ni Eric Shinseki, mkuu wa jeshi la nchi kavu, na hadithi yake imetiwa chumvi mno. Februari 25, 2003, chini ya mwezi mmoja kabla ya uvamizi, Seneta Carl Levin wa Michigan alimuuliza swali fupi: askari wangapi watahitajika kuikalia Iraq baada ya ushindi? Shinseki alijaribu kulikwepa, Levin akaomba hata makadirio. Ndipo akasema: kitu kama askari laki kadhaa.

Siku mbili baadaye naibu waziri wa ulinzi, Paul Wolfowitz, aliiambia kamati nyingine kwamba makadirio hayo yako mbali kabisa na hali halisi. Serikali ilitaka vita vya bei nafuu, na idadi ile ilikuwa ya bei ghali.

Shinseki hakufukuzwa. Alistaafu Juni 2003, muda wake wa miaka minne ulipokwisha, kama ilivyopangwa. Lakini kuaibishwa hadharani na wakubwa zako kwa jibu ulilolitoa mbele ya kamati ni funzo ambalo kila ofisa wa chini yake alilisoma bila kuhitaji mwalimu. Novemba 2006 Jenerali John Abizaid, aliyekuwa anasimamia majeshi yote ya Mashariki ya Kati, aliwaambia maseneta kwamba Shinseki alikuwa sahihi: askari wengi zaidi walihitajika mara tu baada ya mapigano makubwa kuisha. Miaka mitatu na nusu ilikuwa imeshapita.

Mimi naliona swali la Levin kuwa bora kuliko yote yaliyoulizwa kuhusu Iraq. Lilikuwa fupi, lilihitaji tarakimu, na aliyeulizwa ndiye aliyekuwa na ujuzi wa kujibu. Kasoro yake moja ni kwamba Kongresi ilikuwa imekwisha kutoa idhini ya vita Oktoba 2002, kwa kura 296 dhidi ya 133 na 77 dhidi ya 23. Kusema kweli, swali lilifika baada ya mahari kulipwa.

Septemba 2007 ilikuwaje? Wademokrati si walikuwa wameshinda uchaguzi?

Walishinda mabaraza yote mawili Novemba 2006, na hasira ya wananchi juu ya Iraq ilikuwa sababu kubwa. Rais George W. Bush akajibu Januari 2007 kwa kuongeza askari badala ya kupunguza, na akamkabidhi kazi Jenerali David Petraeus. Kongresi ikapitisha fedha za vita zenye ratiba ya kuondoa askari. Bush akazipigia kura ya turufu Mei 1, na theluthi mbili za kuishinda turufu hiyo hazikupatikana. Wote wakabaki kusubiri ripoti ya Petraeus mwezi Septemba kama watoto wa shule wanaongoja matokeo.

Siku ya kikao cha kwanza, Septemba 10, gazeti la New York Times lilikuwa na tangazo la kulipiwa la kundi la wanaharakati lililochezea jina la jenerali kumaanisha msaliti. Lilikuwa kosa kubwa la kisiasa. Mjadala uliotakiwa kuwa juu ya vita ukageuka kuwa juu ya heshima ya jenerali, na siku kumi baadaye Seneti ilipiga kura 72 dhidi ya 25 kulilaani tangazo. Katika ukumbi wenyewe waandamanaji walipiga kelele wakatolewa nje, na Petraeus alipoanza kusoma maelezo yake kipaza sauti hakikufanya kazi. Nchi nzima imesubiri miezi, mtu anafungua mdomo, kimya.

Kipaza sauti kilipokubali, alikuja na chati: mashambulizi yanapungua, vifo vya raia vinapungua, askari wa nyongeza wanaweza kurudi nyumbani kufikia katikati ya 2008. Wademokrati wengi walitumia muda wao kupinga tarakimu zake, kazi ngumu kwa mtu asiyekuwa Baghdad. Hillary Clinton alimwambia kwamba kuziamini ripoti hizo kunamtaka mtu aweke kando shaka yake kwa makusudi. Sentensi ilipendeza magazetini, lakini haikuwa swali.

Swali lililomkamata lilitoka kwa mkongwe wa chama cha rais mwenyewe, Mrepublican John Warner wa Virginia, aliyewahi kuwa waziri wa jeshi la majini. Aliuliza kama mkakati wa Iraq unaifanya Marekani iwe salama zaidi. Petraeus akaanza kueleza kwamba anafanya kinachofaa kutimiza malengo ya Iraq. Warner akarudia: je, inaifanya Marekani iwe salama zaidi? Petraeus akasema, kwa kweli mheshimiwa, sijui. Baadaye siku hiyo hiyo alijaribu kulirekebisha, ila neno lilikuwa limeshatoka.

Kwa nini wabunge wengi wanahutubia badala ya kuuliza?

Kwa sababu ya saa na kwa sababu ya jimboni. Mara nyingi kila mjumbe hupewa dakika tano, jibu likiwa ndani ya dakika hizo hizo. Mjumbe akitumia nne kueleza uchungu wake, jenerali hubaki na moja, naye amefundishwa kuijaza kwa maneno mazuri yasiyo na kitu. Jenerali mwenye akili anapenda swali refu. Linamfikishia mwisho wa muda akiwa salama.

Halafu hotuba ndiyo inayokatwa na kurushwa jioni, hasa ikiwa mwaka wa uchaguzi.

Ofisa anaweza kukataa kujibu?

Anaweza kuomba kujibu faraghani kama suala ni la siri, na mara nyingi hukubaliwa. Kamati ina uwezo wa kumlazimisha shahidi kufika kwa hati ya wito, na kuidanganya Kongresi ni kosa la jinai. Lakini ofisa hahitaji kudanganya. Anatosheka na kusema kwamba huo ni uamuzi wa rais.

Kuna kifungo kingine kisichojulikana sana. Jenerali anapokuja kuthibitishwa kushika cheo, Kamati ya Majeshi ya Seneti humuuliza kama atatoa maoni yake binafsi akiulizwa, hata yakitofautiana na ya serikali iliyopo. Asiyesema ndiyo hathibitishwi. Levin na wenzake walikuwa wakiutegemea mlango huu: jenerali hawezi kujitokeza mwenyewe kumpinga rais, lakini akiulizwa anaruhusiwa kusema, na ameshaahidi kusema. Ndiyo maana namna swali lilivyoundwa ina uzito. Ukiuliza «unakubaliana na sera ya rais?» utapewa hotuba ya utii. Ukiuliza «wewe ulikadiria askari wangapi?» umemfungulia mlango.

Septemba 28, 2021, baada ya Marekani kuondoa askari wake wote Afghanistan, mlango huo ulifunguka tena. Mbele ya kamati hiyo, majenerali Mark Milley na Kenneth McKenzie walisema maoni yao yalikuwa kwamba Marekani ingebakiza askari wapatao 2,500 Afghanistan. Mwezi mmoja kabla, Rais Joe Biden alikuwa amekana kwenye televisheni kwamba washauri wake walimwambia hivyo.

Kama hakukubaliana na uamuzi, kwa nini jenerali hajiuzulu?

Seneta Tom Cotton alimuuliza Milley swali hilo hilo siku ile. Milley alijibu kwamba rais halazimiki kufuata ushauri wake, kwamba nchi haitaki majenerali wanaochagua amri za kutii, na kwamba baba yake hakupewa nafasi ya kujiuzulu kule Iwo Jima, kisiwa cha Japani kilichopiganiwa vikali katika Vita Kuu ya Pili. Unaweza kuona jibu hilo ni la heshima au ni la kujikinga. Kwa nchi ambazo zimewahi kuona majenerali wakichagua amri za kutii, sehemu ya kwanza haihitaji maelezo mengi.

Je, vikao hivi vimewahi kusimamisha vita?

Moja kwa moja, hapana. Baada ya vikao vya Fulbright idadi ya askari Vietnam iliendelea kupanda mpaka ikapita 543,000 mwaka 1969. Kilichofunga bomba ni fedha: sheria ya 1973 iliyokataza kutumia fedha kwa operesheni za kijeshi Indochina baada ya Agosti 15 mwaka huo. Mwezi Novemba Kongresi ikapitisha, juu ya turufu ya Richard Nixon, sheria inayomtaka rais aijulishe ndani ya saa 48 anapopeleka majeshi vitani na kuyaondoa baada ya siku 60, zenye nyongeza ya 30, asipopata idhini. Azimio la Tonkin lenyewe lilikuwa limefutwa Januari 1971.

Vikao vilifanya kitu cha kabla ya hapo. Kabla ya Februari 1966, Mmarekani wa kawaida aliyepinga vita aliweza kuitwa mhuni au mkomunisti. Ukishamwona Gavin na nishani zake, na Kennan na tai yake, wakisema yale yale, tusi hilo linapungua makali. Kutoka hapo mpaka kufunga fedha ilichukua miaka saba. Wengi wa Wamarekani zaidi ya 58,000 waliokufa Vietnam walikufa ndani ya miaka hiyo, na Wavietnamu wengi mara nyingi zaidi.

Waliouliza maswali walipata faida gani kwa wapiga kura?

Ndogo sana. Morse alipoteza kiti chake mwaka 1968. Ernest Gruening wa Alaska, yule mwenzake wa kura mbili za 1964, alishindwa kwenye kura za mchujo mwaka huo huo. Fulbright aliangushwa 1974, naye kwenye mchujo. Luteni wa zamani John Kerry, aliyeiuliza kamati ya Fulbright Aprili 1971 utamwombaje mtu awe wa mwisho kufa kwa ajili ya kosa, aligombea Baraza la Wawakilishi mwaka uliofuata akashindwa; ilimchukua mpaka 2009 kukalia kiti cha mwenyekiti wa kamati ile ile.

Wa Iraq walibahatika zaidi, ila si wote. Chuck Hagel, seneta Mrepublican wa Nebraska aliyejeruhiwa Vietnam, alisimama dhidi ya chama chake na kupinga nyongeza ya askari ya 2007. Januari 31, 2013 alikaa yeye kwenye kiti cha kuhojiwa, akitaka kuthibitishwa kuwa waziri wa ulinzi. John McCain, rafiki yake wa zamani, alimdai jibu la ndiyo au hapana: ulikosea au hukukosea kuhusu ile nyongeza? Hagel alijaribu kueleza. McCain akamkatiza, akarudia swali, akamkatiza tena. Hagel akasema ataiachia historia ihukumu.